Ukuta wa Majina au Kodi ya Januari?

Kiswahili kinapata taabu kidogo na neno la Kiingereza "veteran". Anayetoka jeshini tunamwita mstaafu, na mstaafu akilini mwetu ni mzee wa miaka sitini mwenye kiinua mgongo, bakora na shamba la migomba. Tukimwita mkongwe tunamzeesha zaidi. Lakini yule anayekaa safu ya mbele katika darasa la anatomia la chuo kikuu cha Marekani, kwa sababu sikio lake la kushoto linavuma mchana na usiku, huenda ana miaka ishirini na saba. Amemaliza mkataba wa jeshi, ana mtoto wa chekechea, na wenzake darasani walikuwa bado shule ya msingi alipokula kiapo. Chuo kimfanyie nini mtu huyu? Kimwandike ukutani, kimsaidie kodi ya nyumba, au kimwache asome kama wengine?

Mjadala unaofuata unalichukua swali hilo. Wazungumzaji wake wanne ni wa kutungwa na chuo chao hakina jina. Sheria, miaka na matukio wanayoyataja ni ya kweli.

Ni jioni ya Novemba 11, siku ambayo Wamarekani huwaadhimisha waliotumikia jeshi. Bendera zimekwisha kushushwa uwanjani, na watu wanne wamebaki katika chumba cha chama cha Waswahili wa chuo hicho, wakiwa na birika la chai ya maziwa na sahani ya mandazi. Baraza la wanafunzi limewaomba maoni. Kuna fungu la fedha la kutosha jambo moja tu: ama ukuta wa shaba wenye majina ya wanafunzi wote waliowahi kuvaa sare, ama mfuko wa dharura wa wale waliopo darasani sasa hivi.

Aliyeanza ni Mzee, mwalimu wa zamani kutoka Tabora aliyekuja kumtembelea binti yake. Baba yake alikuwa askari wa keya, jina ambalo Waswahili walilitoa katika herufi tatu za KAR, yaani King's African Rifles, na mwaka 1944 alikuwa Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki.

"Mimi nataka ukuta," akasema. "Baba yangu alirudi na koti, kofia na homa isiyokwisha. Hakuna mahali popote palipoandikwa jina lake. Tunayo Kariakoo pale Dar es Salaam, na Nairobi wana Kariokor. Majina yote mawili yametoka kwenye kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Watu wananunua nyanya na vitenge juu ya kumbukumbu ya wapagazi waliokufa kwa maelfu, na hakuna anayeweza kukutajia hata mmoja. Sanamu ya Askari ipo Dar es Salaam tangu 1927. Askari yupi? Hana jina. Hata tarehe hii ya leo si yetu. Novemba 11, 1918 bunduki zilinyamaza Ulaya; kwetu jenerali wa Kijerumani, Lettow-Vorbeck, alikabidhi silaha Novemba 25, Abercorn, ambako leo ni Mbala nchini Zambia. Leo asubuhi nimewasikia vijana wakisoma majina ya wenzao, moja baada ya jingine, polepole. Machozi yalinitoka."

Hakuna aliyemkatiza. Chai ilimiminwa tena kabla ya Koplo kusema.

"Mzee, majina siyapingi," alisema. "Ninayo mawili ningeyaandika kesho asubuhi. Lakini ukuta hautanifaa Januari."

Koplo ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa Kisumu, mwaka wa pili wa uuguzi. Aliingia jeshi la Marekani mwaka 2014 kupitia MAVNI, mpango ulioanza 2009 wa kuandikisha wageni wenye viza halali waliojua lugha zilizohitajika, Kiswahili kikiwa mojawapo. Mpango huo ulisitishwa 2016. Lugha ya mama na baba ndiyo iliyomfungulia lango la kambi. Ndani ya kambi akafanywa tabibu wa kikosi.

Aliwaeleza wenzake jinsi msaada unavyofanya kazi, kwa kuwa wengi husikia tu kwamba "askari husomeshwa bure." Sheria inayomsomesha ilitiwa saini mwaka 2008 na kuanza kutumika Agosti 2009. Aliyetumikia miezi 36 au zaidi baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001 hulipiwa ada yote ya chuo cha umma kwa kiwango cha mkazi wa jimbo, hupata posho ya nyumba kila mwezi na fedha za vitabu zisizozidi dola 1,000 kwa mwaka, kwa jumla ya miezi 36 ya masomo. Akiwa bado jeshini, anaweza hata kumhamishia mwenzi au mtoto mafao hayo, akitimiza masharti ya muda wa utumishi.

"Ni sheria nzuri, na bila hiyo nisingekuwa hapa. Lakini posho inahesabiwa kwa siku za masomo. Tangu 2011 hawalipi likizo ya kati ya mihula. Muhula ukifungwa katikati ya Desemba na kufunguliwa katikati ya Januari, mimi napata nusu na nusu. Mwenye nyumba anataka kodi nzima ya Desemba na kodi nzima ya Januari. Halafu karatasi zangu hazisongi mpaka ofisi ya chuo ithibitishe kwa wizara ya maveterani kwamba nimejisajili. Karani akiugua, nami sipati kitu. Mwaka 2018 kompyuta za wizara zilishindwa na mabadiliko ya sheria mpya, na maelfu ya wanafunzi kama mimi wakakaa wiki kadhaa bila posho, wengine wakichelewa kodi. Kwa hiyo ukiniuliza heshima ni nini, nitakwambia: ni karani wa pili katika ile ofisi."

Profesa, mama wa Kitanga anayefundisha historia hapo chuoni, alimuuliza kuhusu masomo ambayo jeshi lilimpa. Koplo alitikisa kichwa. Mafunzo yake ya kuzuia damu, kufungua njia ya hewa na kumhudumia majeruhi gizani yameandikwa kwenye hati rasmi ya jeshi. Chuo kiliihesabu hati hiyo kuwa krediti za mazoezi ya viungo. Sasa anarudia somo la huduma ya kwanza pamoja na vijana wa miaka kumi na minane.

Sauti ya sare

Kijana alikuwa kimya mpaka hapo. Wazazi wake waliikimbia Bukavu mwaka 1996, yeye akazaliwa ugenini na kukua katika nyumba ambamo mlango ukigongwa usiku watu wazima husimama.

"Shikamoo, Mzee. Pole, Dada," alianza. "Msinielewe vibaya. Kwetu nyumbani sare ndiyo iliyotufukuza. Nikiona chuo kinapiga bendi na kusalimu bendera, naogopa kwamba tunaisafisha vita. Wanaoandikisha askari wanasimama kwenye meza yao mita ishirini kutoka pale mtakapojenga ukuta. Na vyuo vina kumbukumbu yao pia: Mei 4, 1970, Walinzi wa Taifa waliwaua kwa risasi wanafunzi wanne pale Kent State, Ohio. Halafu kuna jambo la haki. Mwenzangu wa chumbani ni mkimbizi. Anakata kuku kiwandani usiku kucha na kuja darasani asubuhi. Yeye ana mfuko gani? Kwa nini askari awe na ofisi yake, na yeye asiwe nayo?"

Ni hoja nzito, na Koplo hakuipuuza.

"Mdogo wangu, ukinisaidia kodi hujaipigia kura vita yoyote. Vita ilipigiwa kura na watu wenye nyumba zao. Na usidhani sisi sote tunaimba wimbo mmoja. Wakati wa Vietnam, waliorudi vitani ndio waliounda chama cha maveterani wanaopinga vita, mwaka 1967, wakaandamana na medali zao mkononi. Ukitaka kuniheshimu, niache niseme darasani kwamba amri fulani ilikuwa mbaya. Na niache ninyamaze vilevile. Wiki ya kwanza hapa kijana mmoja aliniuliza kama niliwahi kuua mtu. Aliuliza huku anakula viazi."

Kijana aliinamisha macho. "Samahani kwa niaba yake."

"Si wewe. Lakini mwalimu wa darasa alikuwepo, akacheka. Mfunzeni mwalimu yule. Kuna vyuo vinavyowafundisha walimu na makarani mambo haya kwa saa chache tu: usiulize swali hilo, usimwone kila mmoja wetu kama bomu linalosubiri kulipuka, jua ofisi gani inashughulikia nini. Hiyo haihitaji shaba."

Mwaka 1944

Kuhusu mkimbizi wa kiwanda cha kuku, Profesa aliomba warudi nyuma kidogo, kwa kuwa aliona jibu liko katika historia ya sheria yenyewe.

Juni 22, 1944, wiki mbili tu baada ya majeshi kutua Normandy, Rais Roosevelt alitia saini sheria iliyokuja kuitwa GI Bill. Rasimu yake ya kwanza ilikuwa kazi ya Harry Colmery wa chama cha maveterani cha American Legion. Iliahidi ada ya chuo hadi dola 500 kwa mwaka, kiasi kilichotosha hata kwenye vyuo vya kifahari, pamoja na posho ya mwezi. Wakuu wa vyuo hawakushangilia wote. Robert Hutchins wa Chuo Kikuu cha Chicago aliandika kwamba vyuo vitageuka makambi ya wazururaji. James Conant wa Harvard alihofia kwamba wasiofaa kusoma ndio watakaojazana.

"Walijazana kweli," Profesa alisema. "Mwaka 1947 karibu nusu ya wote waliopokewa vyuoni, asilimia 49, walikuwa wametoka jeshini. Mpaka sheria ile ilipofikia mwisho mwaka 1956, katika watu milioni 16 waliotumikia vita ile, milioni 7.8 walikuwa wamesoma au kujifunza ufundi, na milioni 2.2 kati yao walikwenda vyuo. Conant mwenyewe alikuja kukiri kwamba hao walikuwa miongoni mwa wanafunzi bora Harvard iliyopata kuwaona. Sasa tazama vyuo vilivyolazimika kufanya. Kabla ya hapo mwanafunzi kwa kawaida alikuwa kijana asiye na ndoa, ambaye baba yake analipa. Hawa walikuja na wake na watoto wachanga. Chuo Kikuu cha Wisconsin kiliwapangisha katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha baruti karibu na Baraboo, zaidi ya kilomita hamsini kutoka Madison, wakawa wanaletwa darasani kwa basi. Columbia ikaunda mwaka 1947 kitivo kizima cha watu wazima, kile cha General Studies, ambacho mpaka leo kinawapokea walioanza maisha kabla ya kuanza chuo. Mlango ulitobolewa kwa ajili ya askari. Waliopita baadaye ni wajane, mafundi, akina mama waliorudi shule. Mwanangu, mwenzako wa kiwanda cha kuku naye anapita mlango uleule."

"Kama ni mweupe," Kijana alijibu.

Profesa hakutaka kumpunguzia hata kidogo. Sheria ya 1944 haikutaja rangi, lakini utekelezaji wake uliachiwa majimbo na ofisi za wenyeji, na kamati iliyoishughulikia bungeni iliongozwa na John Rankin wa Mississippi, mtetezi mkubwa wa ubaguzi. Vyuo vya weupe Kusini vilifunga milango, na vyuo vya weusi vikawarudisha maelfu kwa kukosa nafasi. Mwaka 1947, katika mikopo 3,229 ya nyumba, biashara na mashamba iliyodhaminiwa chini ya sheria hiyo katika miji 13 ya Mississippi, miwili tu ilikwenda kwa maveterani weusi. Medgar Evers, aliyekuwa Normandy, alisoma Alcorn, chuo cha weusi. Mwaka 1954 aliomba shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Mississippi, akakataliwa.

"Na James Meredith," Kijana akaongeza.

"Naam. Miaka tisa katika jeshi la anga. Mwaka 1962 alitaka kusoma katika chuo hichohicho cha Mississippi, chuo cha jimbo alilozaliwa. Serikali ya Kennedy ililazimika kupeleka maafisa wa shirikisho na maelfu ya wanajeshi. Watu wawili walikufa katika ghasia za usiku mmoja. Oktoba 1 akasajiliwa, akasoma akiwa na walinzi. Fikirini: mtu ametumikia jeshi, na jeshi linabidi limpeleke darasani."

"Wakamjengea sanamu?" Mzee aliuliza.

"Mwaka 2006. Miaka arobaini na minne baadaye. Na 2014 kuna waliokwenda usiku kuifunga kitanzi shingoni."

Mzee alikiweka kikombe chini. Alikaa muda, kisha akasema kwamba baba yake naye alirudi akakuta kiinua mgongo cha Mwafrika ni sehemu ndogo tu ya kile alichopewa mzungu, na ng'ambo ya mpaka, Kenya, wazungu waliotoka vita ileile wakakopeshwa na kukatiwa mashamba katika nyanda za juu. "Sikuwahi kufikiri kwamba Marekani nao walifanya hivyo kwa watu wao wenyewe," alisema. "Nilidhani tatizo letu lilikuwa ukoloni peke yake."

Fedha nazo hazitoshi

Hapo ilionekana kama mfuko wa dharura umeshinda. Profesa mwenyewe ndiye aliyekataa ushindi huo mwepesi. Alikumbusha kwamba msaada unaotolewa bila anayeuangalia hugeuka mawindo.

Kwa miaka mingi, vyuo vinavyoendeshwa kwa faida nchini Marekani vilibanwa na kanuni kwamba angalau asilimia 10 ya mapato yao itoke nje ya misaada ya elimu ya serikali kuu. Fedha za askari, ingawa zinatoka serikalini, hazikuhesabiwa kuwa za serikali kwa kanuni hiyo. Kila dola ya askari iliyoingia ikakiruhusu chuo kuchota dola tisa nyingine za msaada wa umma. Mwaka 2011 Holly Petraeus, aliyekuwa akishughulikia haki za familia za wanajeshi katika ofisi ya serikali ya kulinda wateja, alionya kwamba vyuo hivyo vinawaona askari kama alama za dola zilizovalishwa sare. ITT Tech ilifunga milango ghafla Septemba 2016. Wanafunzi waliotoka jeshini wakabaki na krediti ambazo vyuo vingine havikuzitaka na miezi ya mafao iliyokwisha kuliwa. Sheria ya Agosti 2017, iliyopewa jina la Colmery yuleyule, iliwarudishia miezi hiyo wale ambao vyuo vyao vilifungwa. Mwanya wenyewe uliondolewa kwa sheria ya Machi 2021, na kanuni mpya zikaanza kutumika 2023.

"Kwa hiyo usiniambie fedha tu," alisema. "Fedha bila mtu wa kukaa na askari na kumwambia 'chuo kile usiende, krediti hizi zidai' ni fedha za wengine."

Ndipo Koplo akasema jambo ambalo wenzake hawakulitarajia kutoka kwake, na ambalo lilimrudisha Mzee mchezoni.

Alipofika chuoni, alikaa muhula mzima bila kujua kwamba kuna ofisi ya maveterani. Tangazo lilikuwepo, ila aliliona haliko kwa ajili yake. Fomu ya kujiunga iliuliza: Je, wewe ni mveterani? Akajibu hapana. Alikuwa tabibu, hakupigana vita vya picha za sinema, na kichwani mwake mveterani alikuwa mwanamume mzee mwenye kofia ya kikosi. Sherehe ya kwanza aliyohudhuria, mama mmoja alimshika mkono akamuuliza mume wake alitumikia kikosi gani.

"Sasa wanauliza vingine," alisema. "Wizara yenyewe inashauri hivyo: Je, uliwahi kutumikia jeshi? Swali limebadilika maneno machache tu, na wanawake wameanza kujibu ndiyo. Kwa hiyo, Mzee, hapa nakupa haki yako. Msaada hauwezi kumfikia mtu ambaye hajatambuliwa. Kuonwa kwanza, halafu kusaidiwa. Nyumbani Kenya Bunge lilitunga Sheria ya Wanajeshi Wastaafu mwaka 2022. Nilipoisoma nilimpigia mjomba wangu, aliyekuwa jeshini miaka ishirini. Aliniuliza, 'Na mimi nimo?' Mtu aliyetumikia miaka ishirini anauliza kama yumo!"

"Ndicho ninachosema tangu tulipokaa," Mzee alijibu. "Baba yangu hakuomba shamba. Aliuliza kama yumo."

Barua kwa baraza

Kijana alifungua kompyuta yake waandike maoni. Sentensi ya kwanza iliwachukua robo saa. Mzee alitaka neno "mashujaa". Koplo alilikataa: shujaa haombi kuongezewa siku mbili za kuwasilisha kazi kwa sababu mtoto ana surua, na yeye anataka kuziomba bila aibu. Wakakubaliana kuandika "wanafunzi waliotumikia jeshi."

Kisha wakaorodhesha. Mfuko ulipe pengo la kodi kati ya Desemba na Januari, na utoe mkopo siku ileile malipo ya wizara yanapochelewa. Ofisi iongezewe karani wa kuthibitisha usajili. Kila kitivo kieleze kwa maandishi ni krediti zipi za jeshi kinazikubali na kwa sababu gani kinakataa nyingine. Walimu wapate mafunzo. Kijana aliongeza sharti lake: meza ya kuandikisha askari isiwekwe ndani ya ofisi hiyo wala mlangoni pake, na chumba cha kunyonyeshea na cha watoto kitakachofunguliwa humo kiwe wazi kwa mzazi yeyote, akiwemo wa kiwanda cha kuku. Koplo alitia saini bila kusita.

Kuhusu ukuta, hawakupatana. Profesa alipendekeza kitabu cha majina katika maktaba, kitakachoandikwa kwa mkono kila mwaka na wanafunzi wenyewe na kusomwa kila Novemba 11, kwa gharama ndogo sana. Kijana alikiona kinatosha. Koplo alisema kinamfaa. Mzee alisema karatasi huliwa na mchwa, na akaomba iandikwe kwenye barua kwamba mmoja wao bado anataka shaba. Wakaandika hivyo, aya ya mwisho, kwa maneno yake.

Saa kumi na moja ilikuwa imekaribia na Koplo alipaswa kumchukua binti yake kwa jirani. Kabla hajaondoka, Mzee alimwomba kalamu. Nyuma ya karatasi ya ratiba ya sherehe aliandika jina la baba yake, kijiji chake nje ya Tabora, na namba ya keya aliyoikariri tangu utotoni, akamkabidhi Profesa aitunze mpaka hicho kitabu kitakapopatikana. Baraza linapiga kura Alhamisi.